Kura Saba

Tarehe 16 Septemba 1993 wakazi wa kata ya Millwall, mashariki ya London, walipiga kura kumpata diwani mmoja wa kujaza nafasi iliyokuwa wazi. Ulikuwa uchaguzi mdogo wa kawaida, wa aina ambayo magazeti makubwa huwa hayaandiki hata mstari mmoja. Kura zilipohesabiwa, Derek Beackon wa chama cha British National Party alikuwa na 1,480, mgombea wa Labour 1,473, na yule wa Liberal Democrats 1,284. Kati ya wa kwanza na wa pili ilikuwapo tofauti ya kura saba. Chama cha Beackon, ambacho sera yake ilikuwa kuwarudisha makwao watu weusi na Waasia waliohamia Uingereza, kilikuwa hakijapata kushinda kiti chochote cha udiwani mahali popote. Nchi nzima ikataka kujua Millwall ni wapi.

Kura saba ni watu wa nyumba moja. Ni baba, mama, watoto wanne waliokwisha kutimiza umri, na shangazi aliyekuja kukaa. Nimeifikiria tarakimu hiyo kwa miaka mingi, si kwa ajili ya Beackon mwenyewe, maana hakudumu, bali kwa ajili ya jambo lililowatoa watu majumbani wakaenda kumpigia. Ukiifuatilia historia ya uchaguzi wa manispaa ile, inayoitwa Tower Hamlets, utaona vyama vinakuja na kuondoka, na wahamiaji wa jana wanageuka wenyeji wa leo, lakini swali linalopigiwa kura halibadiliki sana: nani apewe nyumba.

Sisi tuliokulia Tanzania tuna sababu ya kulistaajabia jambo hili. Mabaraza yetu ya miji na wilaya yalivunjwa kuanzia mwaka 1972, na yaliporudishwa kwa sheria za 1982 wengi wetu tulikuwa tumekwisha kuzoea kwamba mambo yote hutoka juu. Diwani kwetu ni mtu wa kulalamikiwa juu ya takataka na mitaro iliyoziba. Kule mashariki ya London diwani alikuwa mwenye nyumba wako. Mwaka 1981 zaidi ya robo tatu ya nyumba zote katika Tower Hamlets zilikuwa mali ya serikali za mitaa. Aliyekupangisha, aliyekupandishia kodi, aliyechelewa kukutengenezea bomba, na aliyeamua kama binti yako aliyeolewa atapata makazi karibu na mama yake au atapelekwa upande wa pili wa mji, wote walitoka katika ofisi za namna moja, na wakubwa wa ofisi hizo walichaguliwa kwa kura.

Liko na jambo la pili. Sheria ya Uingereza humpa raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayekaa kule kihalali haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa madiwani, na wa wabunge pia. Mtanzania, Mkenya au Mganda aliyefika juzi na kibali chake, akijiandikisha, kura yake huwa na uzito ule ule wa kura ya mtu ambaye babu yake alizaliwa mtaa huo huo. Ni masalio ya himaya, na sijui wangapi wa kwetu wanaoishi kule huitumia haki hiyo. Wabengali waliitumia. Bangladesh ilijiunga na Jumuiya ya Madola mwaka 1972, na watu wake waliokuwa wakihamia mashariki ya London kufanya kazi katika vyerehani vya Spitalfields hawakungoja uraia ili wahesabiwe. Mturuki aliyehamia Berlin miaka hiyo hiyo hakuwa na bahati hiyo.

Lakini mambo ya nyumba na ya maskini katika sehemu ile yalianza zamani, kabla hajafika Mbengali hata mmoja wa vyerehani. Tower Hamlets yenyewe iliundwa mwaka 1965. Kabla ya hapo zilikuwapo manispaa tatu, Stepney, Bethnal Green na Poplar, zilizoanza mwaka 1900. Poplar ilikuwa ya watu wa bandari. Kuli alikwenda getini asubuhi, akasimama katika kundi, akachaguliwa au asichaguliwe. Asipochaguliwa alirudi nyumbani mikono mitupu. Watu wa Mombasa na Dar es Salaam waliojua kazi ya gati zamani hawahitaji kuelezwa zaidi.

Sheria ya mwaka 1918 iliongeza sana wapiga kura, wakiwamo wanawake wengi walioolewa. Novemba 1919 chama cha Labour kikashinda viti 39 kati ya 42 vya Poplar, na George Lansbury akawa meya. Madiwani hao walikuwa watu wa kazi, na walitawala kama watu wanaoijua njaa. Waliamua kwamba mfanyakazi yeyote wa manispaa asilipwe chini ya pauni 4 kwa wiki, mwanamke sawa na mwanamume. Mwaka 1925 majaji wa juu kabisa wa nchi waliamua kwamba mishahara ile haikuwa halali. Inafaa kukumbuka kwamba hasira ya majaji ilikuwa pamoja na hilo la mwanamke kulipwa sawa.

Kilichowapeleka gerezani kilikuwa kingine. Wakati ule kila manispaa ya London ililisha maskini wake kwa kodi ya majengo iliyotoza yenyewe. Utaratibu huo unaonekana wa haki mpaka ufanye hesabu. Manispaa ya matajiri ilikuwa na majengo ya thamani kubwa na maskini wachache; ikiongeza kodi kidogo tu ilipata fedha nyingi isizozihitaji. Poplar ilikuwa na vibanda vya thamani ndogo na maelfu ya maskini. Iliongeza kodi, na walioilipa walikuwa maskini wenyewe. Juu ya hayo, Poplar ilitakiwa kutoa mchango kwa baraza kuu la London, kwa polisi na kwa mamlaka ya maji. Mwaka 1921 kazi ziliadimika, na madiwani wakasema: hatutoi mchango, fedha hizi zitakula maskini.

Walishtakiwa. Tarehe 29 Julai 1921 walitoka Poplar kwa miguu mpaka Mahakama Kuu, bendi mbele na wananchi nyuma, wakiwa na bango lililotangaza kwamba wanakwenda mahakamani na huenda wakaishia jela. Mwezi Septemba 30 kati yao walifungwa kwa kudharau amri ya mahakama, wanaume Brixton, wanawake Holloway, na mmoja wa wanawake hao, Nellie Cressall, alikuwa mjamzito. Ndipo likatokea jambo ambalo sijapata kulisikia kwingine: baraza liliendelea kufanya vikao vyake ndani ya gereza la Brixton, madiwani wa kike wakiletwa kwa gari kutoka Holloway. Serikali haikujua la kufanya na watu ambao jela haikuwatisha. Wiki sita baadaye waliachiliwa, na kabla ya mwaka kwisha sheria ikapitishwa ya kuzifanya manispaa zote za London zisaidiane kubeba gharama za maskini.

Diwani mmoja aliyefungwa, Minnie Lansbury, mke wa mtoto wa George, alitoka na afya mbaya akafa tarehe 1 Januari 1922. Alikuwa na umri wa miaka 32. Saa ya ukumbusho wake imewekwa ukutani Bow Road. Novemba ya mwaka huo ulifanyika uchaguzi, na watu wa Poplar wakairudisha Labour madarakani.

Nimekaa sana Poplar kwa kuwa bila Poplar mtu hawezi kuelewa kwa nini Labour ilitawala pale miaka sitini na zaidi. Ilikuwa imeweka akiba ya imani, na vizazi vilivyofuata viliitumia akiba hiyo mpaka ikaisha.

Stepney ilikuwa na habari yake. Huko walijaa Wayahudi waliokimbia mateso ya Urusi, na wabaguzi wa wakati ule walisema juu yao maneno yale yale ambayo baadaye yalisemwa juu ya Wabengali: wanajazana, wanachukua nyumba, wanashusha mishahara. Mafashisti wa Oswald Mosley walipotaka kuandamana tarehe 4 Oktoba 1936 walizuiwa na umati Cable Street, na siku hiyo inakumbukwa kwa michoro na sherehe. Kisichokumbukwa sana ni kwamba miezi mitano baadaye, katika uchaguzi wa baraza kuu la London, wagombea wa Mosley walipata karibu robo ya kura Bethnal Green. Hawakushinda kiti, lakini ni wazi kwamba umati wa barabarani na foleni ya kituoni ni vitu viwili mbalimbali.

Aliyelielewa jambo hilo mapema alikuwa Phil Piratin, Mkomunisti kijana wa Kiyahudi. Hakutosheka kuwapiga mafashisti. Alitaka kujua kwa nini majirani zake wanawafuata. Katika jengo la Paragon Mansions, mwaka 1937, madalali walikuja kuwatoa wapangaji wasio na kodi, na miongoni mwao alikuwamo mwanachama wa Mosley. Mosley hakumletea msaada wowote. Piratin na wenzake ndio waliofunga milango na kuwazuia madalali mpaka mwenye nyumba akakubali mazungumzo. Piratin ameyaandika haya katika kitabu chake cha mwaka 1948. Mwaka ule ule wa 1937 alichaguliwa diwani wa Stepney, na mwaka 1945 akawa mbunge. Vyama vya wapangaji vilivyogomea kodi za majumba mabovu vilimfanyia kazi kubwa kuliko hotuba.

Miaka iliyofuata vita naipita haraka. Mabomu yalibomoa sehemu kubwa ya mashariki ya London, manispaa zikajenga, na Labour ikashinda viti karibu vyote kila mara. Chama kisicho na mpinzani hulala usingizi, na wapiga kura nao wakalala pamoja nacho. Bandari ilianza kufa. Mabwawa ya meli ya West India na Millwall yalifungwa mwaka 1980, na kazi za makuli zikaondoka nayo.

Tarehe 4 Mei 1978 ilikuwa siku ya uchaguzi wa madiwani London nzima. Jioni hiyo Altab Ali, kijana wa Kibengali aliyekuwa akishona nguo, aliuawa kwa kisu karibu na Whitechapel wakati akirudi kutoka kazini. Waliomuua walikuwa vijana, na hawakumjua. Siku kumi baadaye maelfu ya Wabengali waliandamana nyuma ya jeneza lake mpaka katikati ya London. Wengi waliokuwa vijana katika msafara ule ndio waliokuja kugombea udiwani baadaye. Mwaka 1982 Mbengali aliingia katika baraza akiwa mgombea binafsi wa Spitalfields, baada ya Labour kuona kwamba wakati wa watu wake haujafika.

Mwaka 1986 Waliberali waliiangusha Labour kwa viti vichache mno. Waliigawa manispaa katika mitaa saba, kila mmoja na kamati yake na bajeti yake, ili utawala uwe karibu na mwananchi. Wazo hilo ukilisikia ni zuri, na sisi pia tumelipenda kwa jina la madaraka mikoani. Lakini utawala ukiwa karibu sana na mwananchi, ni lazima uulize mwananchi yupi. Katika baadhi ya mitaa nyumba ziligawiwa kwa kuwatanguliza watoto wa wakazi wa zamani. Hakuna aliyetaja rangi ya mtu. Lakini wakazi wa zamani walikuwa Wazungu, na waliokuwa wamejazana watu wanane katika vyumba viwili walikuwa Wabengali. Mwaka 1987 manispaa ilikwenda mbali zaidi. Iliwaambia baadhi ya familia za Kibengali, zilizokaa katika vyumba vya kulala wageni kwa kukosa makazi, kwamba zimejitakia zenyewe, kwa kuwa ziliacha nyumba zao Bangladesh.

Sasa twaweza kurudi Millwall. Kata hiyo iko katika Isle of Dogs, Kisiwa cha Mbwa, kipande cha ardhi kilichozungukwa na mto Thames pande tatu. Makuli waliokosa kazi walikaa hapo wakitazama mnara mrefu kuliko yote ya Uingereza ukijengwa Canary Wharf, juu ya mabwawa waliyokuwa wakipakulia meli. Mnara ulikamilika mwaka 1991, na kazi za ndani yake hazikuwa zao. Wakati huo manispaa ilikuwa imekatazwa na serikali kuu kujenga kama zamani, na nyumba nzuri zilikuwa zikiuzwa kwa wapangaji wake. Nyumba mpya chache zilipopatikana kando ya mto, na baadhi kupewa familia za Kibengali, minong'ono ikageuka kelele. Beackon hakuwa na la kuzungumza juu ya serikali kuu wala wenye mnara. Aliwaelekeza watu kwa jirani wa ghorofa ya chini.

Naona si haki kumwachia Beackon peke yake mzigo huu. Waliberali walikuwa wamesambaza vipeperushi vya kuchochea chuki hiyo hiyo kwa lugha ya adabu, mpaka chama chao kitaifa kikaunda tume, nayo ikavilaani. Kama vyama vikubwa vinamwambia mtu kwa miaka saba kwamba tatizo lake ni mgeni, mtu huyo atampa kura yule anayelisema bila kutafuna maneno.

Uchaguzi mkuu wa madiwani ulikuwa Mei 1994. Watu wa makanisa na wengineo walipita mlango kwa mlango, na siku ya kura wakavaa tepe za rangi za upinde wa mvua, ili Wabengali walioogopa kwenda vituoni waone kuwa hawako peke yao. Karibu wapiga kura wawili katika kila watatu walijitokeza. Beackon alipata kura 2,041, yaani 561 zaidi ya zile zilizompa ushindi, na akashindwa. Labour ilichukua viti vyote vitatu vya kata hiyo, na 43 kati ya 50 vya manispaa. Watu waliompigia Beackon hawakubadilika wala kupungua. Waliongezeka. Kilichobadilika ni kwamba wale waliokaa nyumbani Septemba walitoka Mei.

Wabengali hawakukaa daima wakiwa watu wa kutetewa. Mwaka 2006 chama kipya cha Respect, kilichopinga vita vya Iraq, kilipata viti 12. Mwaka 2010 wananchi waliamua kwa kura ya maoni kuwa na meya wa kuchaguliwa moja kwa moja. Labour ilimteua Lutfur Rahman, mwanasheria aliyezaliwa Bangladesh, kisha ikamwondoa. Akasimama peke yake, akapata zaidi ya nusu ya kura katika mzunguko wa kwanza. Mwaka 2014 akashinda tena.

Wapiga kura wanne walikwenda mahakamani, na tarehe 23 Aprili 2015 jaji Richard Mawrey akaubatilisha uchaguzi huo. Aliona kwamba kulikuwa na kura za udanganyifu, ruzuku za vikundi zilizotumika kama hongo, na uongo juu ya mpinzani kwamba ni mbaguzi. Pia aliona kosa moja la kale: barua iliyotiwa sahihi na maimamu na masheikh 101 ya kuwahimiza Waislamu kumchagua Rahman, ambayo jaji aliiita shinikizo la kiroho. Sheria hiyo ni ya karne ya 19, na kesi zake maarufu ziliwahusu mapadri wa Kikatoliki wa Ireland. Sehemu hiyo ya hukumu hainiridhishi. Mapadri wa wakati ule waliogopwa kwa kuwa waliweza kumnyima mtu sakramenti, na imamu wa Whitechapel hana cha kumnyima mtu mfano wa hicho. Juu ya hongo na udanganyifu sina ubishi na jaji. Rahman alizuiwa kugombea kwa miaka mitano; polisi hawakumfungulia mashtaka ya jinai.

John Biggs wa Labour alichukua nafasi yake Juni 2015, akashinda tena 2018. Mei 2022 Rahman alirudi na chama chake cha Aspire, akamshinda Biggs huyo huyo, na chama kikapata viti 24 kati ya 45. Wengi walishangaa kwamba watu wamemrudisha mtu aliyehukumiwa. Waliompigia walizungumza juu ya chakula cha shule, posho za wanafunzi na makazi, na mwaka 2023 manispaa ilianza kuwalisha bure hata wanafunzi wa sekondari. Wakati wa uchaguzi ule, zaidi ya majina 20,000 yalikuwa katika orodha ya wanaosubiri nyumba za manispaa.